Fomu ya viza inauliza kama niliwahi kupitiliza muda. 2020 nilikwama mipaka ikiwa imefungwa, nijibu nini?

Pasi Chakavu (mleta uzi)

Wakuu habari za muda huu. Naomba msaada, hasa wale mliosafiri kipindi kile cha Corona au mnaozijua hizi sheria za uhamiaji.

Najaza fomu ya viza mtandaoni, nimefika ukurasa wa nne nikakutana na swali: "Je, umewahi kukaa katika nchi yoyote kupita muda ulioruhusiwa?" Viduara viwili, Ndiyo na Hapana. Leo siku ya tatu nakiangalia tu.

Iko hivi. Tarehe 1 Machi 2020 niliingia nchi ya watu kwa viza ya matembezi ya siku 30. Kurudi ilikuwa tarehe 27. Tarehe 22 ikaingia meseji ndege imefutwa, nikabadilisha, ikafutwa tena, alafu wao wakafunga anga na kwetu wakafunga. Viza ikaisha tarehe 30 niko chumbani nahesabu feni ikizunguka. Nilitoka tarehe 13 Juni kwa ndege maalum ya kurudisha raia. Pale uhamiaji wakati wa kutoka yule dada alifungua pasi, akahesabu kwa vidole, akaninong'onezea mwenzake, akagonga muhuri akanirudishia. Hakuna faini, hakuna karatasi, hakuna hata "safari njema". Kwa hiyo mpaka leo sijui kwenye kompyuta yao nimeandikwa nini.

Siku 75 zile ni kupitiliza au sio kupitiliza? Na nikijibu Hapana nimedanganya? Nawasilisha.

Kisu Butu

Weka Hapana mzee baba ukalale. Nani ataenda kufukua mambo ya 2020? Dunia nzima ilikwama.

Mwanasheria Uchwara

Kisu Butu usimpoteze mwenzako. Kupitiliza siku kunaelezeka, hasa mwaka ule. Kudanganya kwenye fomu ni kosa jingine kabisa na mara nyingi ndilo linalomfungia mtu mlango kwa miaka, hata kama jambo alilolificha lenyewe lisingemzuia. Kuna watu wamenyimwa viza kwa kuficha kitu ambacho wangekisema wangepewa.

Kipindi kile hiki kitu kilikuwa moto zaidi. Uingereza Februari 2021 walipoanzisha karantini ya hoteli kwa nchi za orodha nyekundu, yaani walizoziona zina hatari kubwa ya Corona, waliweka wazi kwamba anayedanganya kwenye fomu ya abiria kuwa hajatoka nchi hizo anaweza kukabiliwa na kifungo mpaka miaka 10. Wabunge wao wenyewe walipiga kelele kwamba ni kali kupita kiasi, ila ndio ilikuwa imetangazwa hivyo.

Na Djokovic, yule mcheza tenisi, je? Wote tuliangalia ile sinema Januari 2022. Fomu yake ya kuingia Australia ilitiki Hapana kwenye swali la kama amesafiri siku 14 kabla, kumbe alikuwa Serbia na Hispania. Akasema msaidizi wake ndiye aliyejaza akakosea. Haya, tajiri, bingwa, mawakili wa kumwaga, bado akajikuta anatoa maelezo ya kiduara kimoja mbele ya dunia nzima.

Kisu Butu

Si alifukuzwa kwa sababu hajachanja? Usichanganye mambo mkuu.

Mwanasheria Uchwara

Uko sahihi kiasi, ngoja ninyooshe. Viza ilifutwa mara ya kwanza tarehe 6 Januari alfajiri pale pale uwanjani. Tarehe 10 jaji akairudisha, sio kwa sababu Djokovic alikuwa na haki kuhusu chanjo, ni kwa sababu maafisa walimwahidi muda wa kuwasiliana na watu wake alafu wakaukata. Tarehe 14 waziri akatumia mamlaka yake binafsi akafuta tena kwa hoja ya afya, utulivu na maslahi ya umma, tarehe 16 majaji watatu wakakubaliana na serikali, jioni hiyo hiyo jamaa yuko kwenye ndege. Fomu haikuwa sababu rasmi ya mwisho. Lakini imebaki mfano mzuri wa mambo mawili: kiboksi akikijaza mwingine, jina linalobeba ni lako, na pili aliyekualika sio aliyeshika mlango. Waandaaji wa mashindano walimpa ruhusa ya kucheza bila chanjo, ruhusa ya kucheza sio ruhusa ya kuingia nchi.

Turudi kwa mleta uzi. Swali langu: hiyo nchi ilitoa tangazo lolote la kuongeza viza za waliokwama? Maana jibu lako liko huko, haliko kwenye idadi ya siku.

Pasi Chakavu (mleta uzi)

Kulikuwa na maneno maneno kwamba viza zimeongezwa "moja kwa moja", wageni tulikuwa tunatumiana kwenye magrupu. Sikuwahi kuona kitu rasmi. Nilivyokuwa nimechanganyikiwa hata ningekiona nisingekielewa.

Mwanasheria Uchwara

Basi kitafute hicho, na utafute toleo la tarehe zile, sio ukurasa wa leo. Kila nchi ilifanya lake na walibadilisha katikati ya safari.

Uingereza waliongeza viza zilizoisha kuanzia tarehe 24 Januari 2020, kwanza kwa Wachina hasa mpaka mwisho wa Machi, wakasogeza kwa wengine wote mpaka Mei, wakasogeza mpaka tarehe 31 Julai, alafu Agosti nzima wakaipa kama muda wa kufungasha. Thailand waliongeza kwa wote bila kuomba mpaka tarehe 31 Julai, kisha wakasamehe mpaka tarehe 26 Septemba. Umoja wa Falme za Kiarabu walitangaza viza zilizoisha kuanzia Machi zitahesabika hai mpaka mwisho wa Desemba, watu wakatulia, Julai wakaigeuza na kuanza kuhesabu upya siku za neema. Aliyekuwa amelala kwa amani na tangazo la kwanza akaamka na tatizo.

Marekani wenyewe hawakuongeza moja kwa moja. Ulitakiwa uombe nyongeza kabla siku zako hazijaisha. Na kule hesabu ina meno: ukipitiliza zaidi ya siku 180 ukatoka, unafungiwa miaka mitatu, ukifika mwaka ni miaka kumi.

Kwa hiyo mtu wa siku 75 nchi moja ni msafi kabisa, nchi nyingine ni mhalifu mdogo, na wote walikuwa wanaangalia feni ile ile.

Bibi wa Kaunta

Wanangu nimesoma nikacheka kidogo nikasikitika kidogo. Mimi nilikaa kaunta ya kupokea abiria miaka 14, ukiwemo mwaka wote wa 2021. Niwaambie kitu ambacho abiria wengi hawakukielewa mpaka wanalia mbele yangu: mpaka wa kwanza wa nchi unayokwenda haupo huko. Upo pale kwenye mzani wa mizigo.

Ndege ikimpeleka mtu asiye na karatasi zinazotakiwa, kampuni inapigwa faini na inamrudisha yule mtu kwa gharama zake. Kwa hiyo mwajiri alitutisha sisi, na sisi tuliwatisha nyie. Tuna mfumo unaitwa Timatic, unaingiza uraia, unakotoka, unakopita, unakokwenda, unakutolea masharti. Zamani yale masharti ni mistari michache. Mwaka ule nilikuwa nashusha skrini mpaka kidole kinauma, na asubuhi sio yale ya jana usiku.

Nikupe mmoja. Baba na watoto wawili, ndege ya Jumatano saa 5 usiku. Kipimo cha Corona cha PCR kisichozidi masaa 72. Karatasi yake safi, ina muhuri, ina QR, ameishika kwenye faili la plastiki kama cheti cha ndoa. Imeandikwa majibu yametoka Jumatatu saa 4 asubuhi. Nikamwambia baba, nchi unayokwenda inahesabu kuanzia sampuli ilipochukuliwa, sio majibu yalipotoka. Sampuli ilichukuliwa lini? Chini kabisa kwa maandishi madogo: Jumapili saa 3 usiku. Masaa 74. Mawili tu.

Alinitazama, akatazama watoto, akaniuliza kwa sauti ya chini, "dada, haya mawili hayawezi kuwa yako?" Nimelikumbuka hilo swali miaka yote hii. Hayakuwa yangu. Walirudi nyumbani na mabegi yao.

Hapo mjue kuna nchi nyingine ilihesabu masaa 72 mpaka ndege kuondoka, nyingine mpaka kutua, nyingine mpaka kutua kwa ndege ya mwisho kama unaunganisha. Marekani walipoanza Januari 26, 2021 waliandika "siku 3" badala ya masaa 72 kusudi saa ya kupima isiwe shida. Huyo baba angekuwa anakwenda huko angepanda. Sampuli ni ile ile, pua ni ile ile.

Mzigo Kilo 23

Bibi umenikumbusha machungu. Mimi nilinaswa na transiti. Nilinunua tiketi mbili tofauti kwa kubana hela, kampuni mbili, nikijua katikati nabadilisha tu ndege ndani kwa ndani. Nimesoma masharti ya ninakokwenda mpaka nimeyakariri, ya katikati nikaona "abiria wa kupita wanaruhusiwa", nikaridhika.

Kumbe kwa tiketi mbili begi halivuki lenyewe. Inabidi utoke ukalichukue kwenye mkanda alafu ukalipeleke upya, na kutoka ukachukue begi maana yake umepita uhamiaji, yaani UMEINGIA nchini, na kuingia hawakuruhusu wageni. Nimezuiwa kwenye safari ya kwanza kabisa, kwa sababu ya begi. Ningekuwa na kibegi cha mgongoni peke yake ningepita.

Bibi wa Kaunta

Hao walikuwa wengi mwanangu. Wakati ule nilikuwa nawauliza kabla hawajaweka mzigo kwenye mzani: tiketi ni moja au mbili? Wananiona mbea.

Mama Mapacha

Samahanini naingilia. Hii ya "haki ya kurudi nyumbani" mbona watu wanaitaja kama ni ya wote? Mume wangu alikuwa na ukaazi wa kudumu ugenini, ana nyumba, ana kodi analipa, watoto wanasoma kule. Alitoka kwenda kuzika. Akaambiwa wakaazi wasio raia hawarudi mpaka itakapotangazwa. Miezi mitano. Mapacha walijifunza kutembea wakiwa wanamwona kwenye simu. Hiyo ni halali kweli?

Mwanasheria Uchwara

Pole sana dada. Jibu ni chungu.

Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ibara ya 12, unasema hakuna atakayenyimwa kiholela haki ya kuingia "nchi yake mwenyewe". Hiyo ndio nguzo. Kutoka nchi yoyote nako ni haki, ila ibara hiyo hiyo inaruhusu kuwekewa mipaka kwa sheria kama ni lazima kwa ajili ya usalama, utulivu au afya ya umma. Kuingia nchi ya mtu mwingine, hiyo haimo kabisa. Ni ruhusa. Viza, ukaazi, mwaliko, vyote ni ruhusa, na mwenye kutoa ruhusa anaweza kuirudisha mfukoni.

Sasa neno "nchi yake mwenyewe" halikuandikwa "nchi ya uraia wake". Kamati ya haki za binadamu ya UN ilishaeleza mwaka 1999 kwamba ni pana kuliko uraia, na kwamba ni nadra sana kukuta sababu inayokubalika ya kumzuia mtu kuingia kwake. Kwa hiyo mkaazi wa muda mrefu ana hoja ya kisheria. Ana hoja, sio ana ndege. Japani 2020 waliwazuia hata wakaazi wa kudumu waliotoka baada ya Aprili 3 kurudi, na walilegeza kwa wote wenye ukaazi halali mwezi Septemba baada ya kelele nyingi, wakati raia wa Japani waliendelea kuingia. Virusi havisomi pasipoti, na hiyo ndiyo iliwauma watu.

Mama Mapacha

Asante kaka. Angalau sasa najua hatukuwa wajinga. Nilikuwa nadhani kuna fomu tuliisahau.

Chura wa Bomba

Mnataja mikataba kama ina polisi. Raia wenyewe walifungiwa nje! Aprili 30, 2021 Australia walitangaza raia WAO aliyekuwa India ndani ya siku 14 akirudi anaweza kufungwa mpaka miaka mitano. Raia! Akaenda mtu mahakamani, tarehe 10 Mei akashindwa, jaji akasema sheria yao ya usalama wa kibaolojia ya 2015 inampa waziri hayo madaraka. Marufuku iliisha tarehe 15 Mei, lakini ilipita kama nyama laini.

Na ukiacha hiyo, toka Machi 2020 mpaka Novemba 2021, raia wa kule alikuwa haruhusiwi KUTOKA bila kibali maalum. Nchi ya kidemokrasia. Ingefanya nchi nyingine tungeisoma kwenye ripoti za haki za binadamu.

Mwanasheria Uchwara

Chura sikatai, ila usiache nusu ya pili. New Zealand walikuwa na vyumba vya karantini vinavyogawiwa kama bahati nasibu, raia anaingia mtandaoni anapewa namba ya foleni, wenzake maelfu. Kundi la raia waliokwama likaenda Mahakama Kuu, Aprili 2022 wakashinda kwa sehemu: mahakama ikasema karantini yenyewe ilikuwa na msingi, lakini ule mfumo wa bahati nasibu haukuangalia nani ana shida gani wala amesubiri kiasi gani, kwa hiyo kwa baadhi ya watu haki yao ya kurudi ilibanwa bila sababu ya kutosha. Kuchelewa kwake ndio tatizo. Hukumu imetoka mipaka inafunguliwa.

Chura wa Bomba

Hahaha haki ya makumbusho hiyo.

Alafu niambie kuhusu zile Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005. Nchi 196 zimo. Ibara ya 43 inasema ukiweka zuio kali la wasafiri kuliko inavyoshauriwa uwe na sababu za kisayansi na uwaarifu WHO, Shirika la Afya Duniani, ndani ya masaa 48. Ibara ya 40 inasema msafiri asitozwe gharama za karantini aliyowekewa kwa ajili ya afya ya umma, ukiacha anayekuja kuomba ukaazi. Haya, Uingereza walitoza pauni 1,750 kwa mtu mmoja siku kumi hotelini, baadaye wakapandisha mpaka 2,285. Nani aliwauliza?

Na Novemba 24, 2021 Afrika Kusini wakawa waungwana, wameona aina mpya ya kirusi cha Corona, Omicron, wakatoa taarifa WHO kama kanuni zinavyotaka. Siku chache Marekani, Ulaya, Uingereza wameshafunga mlango kwa nchi nane za kusini mwa Afrika na ushee, wakati Omicron yenyewe ilishakutwa Ulaya. Yaani aliyepiga king'ora ndio akafungiwa nje ya nyumba.

Bibi wa Kaunta

Wiki ile nilikuwa kazini. Abiria walipanda wakiwa halali wakashuka wakiwa haramu. Sina la kuongeza.

Kisu Butu

Sasa niulize swali la kijinga. Wale waliokuwa wanazunguka nchi ya tatu wakakaa wiki mbili alafu ndio wanaingia Marekani, ile ilikuwa haramu? Mana jamaa yangu alifanya na mpaka leo anasimulia kwa kunong'ona kama ameiba benki.

Mwanasheria Uchwara

Sio la kijinga, ni zuri kuliko yote kwenye uzi huu. Ilikuwa halali kabisa. Soma zuio lilivyoandikwa: lilimzuia mtu asiye raia ambaye alikuwepo kimwili ndani ya nchi fulani katika siku 14 kabla ya kuingia. Halikusema Mbrazil, halikusema Mhindi. Lilihesabu ulipolala. Kwa hiyo mtu alitoka Brazil au Ulaya, akaenda Mexico ambako hakukuwa na zuio, akakaa siku 14 kamili akiwa na risiti za hoteli, siku ya 15 anapanda. Mwambie jamaa yako aongee kwa sauti.

Haramu ingekuwa kukaa siku 9 na kuandika 14. Kuzunguka ukuta kupitia geti lililoachwa wazi sio sawa na kuruka ukuta, hata kama mwenye nyumba amenuna.

Ndio maana nawasumbua watu wasome maneno yenyewe ya amri. Vichwa vya habari viliandika "Marekani yapiga marufuku wasafiri wa Ulaya". Usiku ule wa Machi 11, 2020 Trump alivyohutubia, Wamarekani waliokuwa Ulaya walikimbilia viwanjani wakanunua tiketi kwa maelfu ya dola, wakati zuio halikuwahusu raia wala wenye ukaazi wa kudumu. Walilipa kwa kutosoma.

Mzigo Kilo 23

Na zile "tunashauri usisafiri", hiyo ni sheria?

Mwanasheria Uchwara

Ushauri ni ushauri. Machi 19, 2020 Marekani walitoa ushauri wa ngazi ya nne kwa dunia nzima, "usisafiri", ukaondolewa Agosti 6. Mmarekani aliyesafiri hakuvunja sheria yoyote. Tofauti na Uingereza mwanzoni mwa 2021 ambako kutoka nchini bila sababu inayokubalika kuanzia Machi 29 kulikuwa na faini ya pauni 5,000. Maneno yanafanana, uzito sio mmoja.

Ila ushauri una kisu kingine. Bima nyingi za safari zinaandika kwamba ukienda mahali serikali yako imeshauri usiende, bima haifanyi kazi. Kwa hiyo umesafiri kihalali kabisa, umevunjika mguu kihalali, unalipa hospitali mwenyewe.

Na hii michezo ilibadilika kwa masaa. Julai 25, 2020 Uingereza walitangaza jioni kwamba anayerudi kutoka Hispania atajifungia siku 14 kuanzia usiku huo huo. Waziri wao wa usafiri mwenyewe alikuwa likizo Hispania.

Kisu Butu

😂😂😂 hiyo nimeipenda

Popo Mchana

Hamjagusa vyeti vya chanjo. Mimi nilichanjwa dozi mbili, AstraZeneca iliyotengenezwa India, ile Covishield. WHO walishaipitisha Februari 2021. Ulaya wakaanzisha cheti chao cha kidijitali Julai 1, na kwa sababu Covishield haikuwa na kibali cha mamlaka ya dawa ya Ulaya, nchi wanachama hazikulazimika kuitambua, kila moja ikaamua yake. Dawa ni ile ile ya kwenye chupa yenye jina jingine. Kwa hiyo nikawa nimechanjwa nchi hii, nikivuka mpaka sijachanjwa.

Alafu watu wakauliza kwanini biashara ya vyeti feki ilinoga.

Bibi wa Kaunta

Feki tuliziona. Novemba 2020 pale uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle Paris walikamatwa watu saba wanauza vipimo feki euro 150 mpaka 300. Kwetu kaunta tulizijua kwa vitu vidogo: fonti mbili kwenye mstari mmoja, tarehe ya kuzaliwa imekaa juu kidogo ya wenzake, QR ukiipiga inafungua tangazo la viatu. Lakini niseme ukweli, waliozuiwa kwa feki walikuwa wachache kuliko waliozuiwa kwa majina. Pasi ina majina matatu, cheti kina mawili. Pasi ina jina la baba, cheti kina la mume. Hao hawakudanganya mtu.

Kwa enzi za kabla, cheti cha chanjo nilichokuwa nakikagua kila siku ni kadi ya njano, homa ya manjano. Hiyo ipo ndani ya zile Kanuni za Afya za Kimataifa zenyewe, fomu yake inajulikana, toka Julai 2016 ni ya maisha, inaanza kufanya kazi siku kumi baada ya sindano. Hakuna ubishi kaunta. Corona haikuwahi kupata kadi moja ya dunia nzima.

Pasi Chakavu (mleta uzi)

Wakuu nimerudi. Kwanza asanteni, nimesoma kila bandiko mara mbili.

Nimefanya alichosema Mwanasheria. Kuna tovuti zinazohifadhi kurasa za zamani, nikaweka anwani ya idara ya uhamiaji ya nchi ile na Aprili 2020. NIMELIPATA. Tangazo la ukurasa mmoja: viza za matembezi zilizoisha kuanzia Machi 1 zinahesabika kuongezwa mpaka Mei 31 bila kuomba. Baada ya hapo kila mtu aombe kwa barua pepe.

Kwa hiyo siku 75 zimekuwa 13. Juni 1 mpaka 13.

Nikaingia kwenye barua pepe yangu ya zamani, nywila nimeikosea mara sita. Kumbe niliwaandikia! Juni 2. Sikumbuki kabisa kuandika, nimeandika na makosa kibao, "natanguliza shukrani" mara mbili. Jibu lililopo ni lile la mashine, "tumepokea ombi lako namba fulani". Hawakunijibu tena. Na ile ya ubalozi kunithibitishia kiti kwenye ndege ya tarehe 13 nayo ipo.

Sasa hizo siku 13 ndio naogopa.

Mwanasheria Uchwara

Umekaa vizuri kuliko unavyodhani. Jibu Ndiyo. Kwenye kisanduku cha maelezo andika tarehe tu, usiandike hadithi ya feni: viza iliisha lini, tangazo liliongeza mpaka lini, uliomba lini na namba ya ombi, anga ilifungwa, ulitoka kwa ndege ipi tarehe ipi. Mistari sita. Ambatanisha vitu vitatu: tangazo likiwa na anwani na tarehe iliyohifadhiwa, ile barua ya mashine, barua ya ubalozi. Afisa anasoma mafaili mengi, mpe tarehe zinazofuatana asihitaji kufikiri.

Na usiandike "nililazimika". Ukurasa wenyewe utasema.

Kisu Butu

Nafuta ushauri wangu wa mwanzo. Ila swali, akijibu Ndiyo si wanamkataa moja kwa moja na mashine?

Bibi wa Kaunta

Mwanangu Ndiyo yenye karatasi nimeipitisha sana. Hapana niliyoitilia shaka nilimwita msimamizi.

Chura wa Bomba

Na hayo yote sababu ya nchi mbili kufunga anga ndani ya wiki moja. Septemba 2025 marekebisho ya zile Kanuni za Afya za Kimataifa yalianza kutumika, yameongeza ngazi inaitwa dharura ya janga la dunia. Nimeyasoma nikitafuta mtu kama Pasi Chakavu yuko ibara gani, aliyekwama na viza imeisha. Hayupo.

Pasi Chakavu (mleta uzi)

Nimetiki Ndiyo. Mistari sita imegeuka tisa, nimeshindwa kuacha ile ya ndege kufutwa mara mbili. Nimeambatanisha vyote vitatu, tangazo limekataa kupanda mara ya kwanza faili kubwa, nikalipunguza likapanda.

Mahojiano wamenipangia Jumanne saa 3 asubuhi. Mama Mapacha, mzee alirudi lakini?

Mama Mapacha

Alirudi Septemba. Mmoja alimkimbia, mwingine akamwita "simu".